Feni ya Gari la Marehemu

Kama wiki iliyopita hukuisoma safu yangu hii, hukupoteza kitu ila huzuni. Nilieleza jinsi mume wangu Erwin alivyofia ndani ya gari lake kando ya barabara ya Pinnaroo, boneti juu, injini ikinguruma, na jinsi Mervyn Noske alivyompita. Na si kwamba hakumwona. Alimwona, akamwinulia kidole.

Huku kwetu ndivyo tunavyosalimiana barabarani. Mkono haubanduki kwenye usukani, kidole kimoja tu kinainuka, na unayepishana naye anakuinulia chake. Erwin hakuinua. Alikuwa keshakata roho, angeinua na nini?

Siku ya mazishi Noske alinijia na keki ya mkewe, macho mekundu.

"Verna, nilidhani amenuna," akaniambia. "Mpaka leo nakiona kidole changu pale hewani. Hakikuitikiwa."

"Basi kaa nacho," nikamjibu. Keki niliwatupia kuku.

Tangu siku hiyo sijamwinulia mtu kidole. Awe jirani, awe mchungaji, awe dereva wa basi la shule. Wanainua, mimi natazama mbele.

Hapo ndipo tulipoishia. Leo naungama jambo ambalo hata kanisani sijalisema: mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiliua gari la Erwin, na nilikuwa naliua kwa makusudi.

*

"Mama Kleinig, hili gari unalifanyia nini?"

Huyo ni Tasso, fundi wetu, Mgiriki wa kuzaliwa hapa hapa. Miguu ilikuwa nje, mwili wote chini ya gari.

"Naliendesha. Kwani gari la nini?"

"Unaliendesha wapi?"

"Dukani. Kanisani. Kaburini."

"Huko kote ungekwenda kwa miguu ungefika kabla injini haijapata joto."

"Kwa goti hili? Nenda wewe kwa miguu, una kitambi cha kupunguza."

Akacheka, akatoka uvunguni, uso mweusi kama chungu. Akanionyesha taa ya njano kwenye dashibodi. Wiki nzima ilikuwa inaniwakia, na gari limekuwa zito, ukilikanyagia mafuta linajivuta kama ng'ombe anayepelekwa machinjoni.

"Hii dizeli kuukuu ina chujio la masizi ndani ya bomba la moshi," akasema. "Masizi yakijaa, gari lenyewe linayachoma humo humo. Lakini linataka barabara ndefu na mwendo. Wewe kila likianza kuchoma, unalizima. Ni sawa na mtu anayebandika supu, ikianza tu kuchemka anazima jiko. Supu itaiva lini?"

"Mimi nitajuaje linaanza lini kuchoma?"

Uongo mtupu! Nilikuwa najua kuliko yeye.

*

Sikilizeni sasa, mnihukumu baadaye.

Gari la namna hii ukilizima katikati ya kuchoma, feni ya mbele haizimiki. Injini imenyamaza, ufunguo umeutoa, lakini feni inaendelea kuvuma peke yake, inapoza ule moto wa ndani. Inavuma weee, halafu inakoma ghafla.

Erwin hakuwa na subira. Alikuwa analizima likiwa limefika popote, ila mara moja moja alilipeleka mbali likamaliza kazi yake. Kwa hiyo kwa miaka yetu ya mwisho, jioni yangu ilikuwa hivi: niko jikoni namenya viazi. Nasikia matairi kwenye kokoto. Injini inazimwa. Feni inavuma. Feni inakoma. Kisha viatu vyake vya shambani, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Akifika kwenye kizingiti anagonga visigino, ko, ko, kukung'uta vumbi. Halafu sauti: "Chai ipo?"

Alipokufa, mwanangu Lyall ndiye aliyelirudisha gari nyumbani kutoka polisi. Sikuwa na habari kwamba anakuja. Niko jikoni na viazi vyangu, nikasikia matairi. Injini ikazimwa. Feni ikavuma.

Nilijifuta mikono. Nikainuka. Nikamimina chai vikombe viwili.

Feni ikakoma. Nikageukia mlangoni, na aliyeingia ni Lyall na kandambili zake, tap tap tap.

"Mama, hicho kikombe cha pili cha nani?"

"Chako," nikamwambia. Lyall hanywi chai tangu utoto.

Ndipo ugonjwa ulipoanza. Nikajifunza dalili. Gari likianza kuchoma, mngurumo wake unashuka unakuwa mnene, na unapata harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikiinusa tu harufu hiyo, nageuza gari mbio mbio mpaka nyumbani, nazima, natoka na goti langu bovu nakimbilia jikoni. Nakaa kwenye kiti changu. Nafumba macho. Nasikiliza.

Feni inavuma. Feni inakoma. Nasubiri viatu.

Viatu haviji. Najua haviji, sijarukwa na akili. Lakini hapo katikati, feni ikiwa imekoma na viatu bado havijakosa kuja, nilikuwa na mume. Ni kitambo kidogo sana, kama kumeza mate, lakini kilinitosha kunisogeza mpaka kesho.

Na kila nilipofanya hivyo, masizi yalibaki ndani ya chujio, yakajaa, yakaganda.

*

Lyall alinifuma. Aliingia kwa mlango wa uani akanikuta kitini, macho nimefumba, vikombe viwili mezani.

"Mama, unafanya nini?"

"Napumzika. Kupumzika kumepigwa marufuku?"

Alienda akalitazama gari, akarudi na uso wa mtu aliyekwisha amua.

"Jumatatu linakuja lori la vyuma chakavu," akasema. "Nimeshazungumza nao. Nitakununulia kigari kidogo cha petroli, hakina masizi wala nini."

"Gari la baba yako halitoki hapa."

"Baba alifia mle ndani, Mama! Mimi nikilitazama usingizi unanipaa. Wewe unawezaje kukalia kiti kile?"

"Kiti kile kina umbo lake. Nikikaa nazama pale alipozama yeye. Kigari chako cha petroli kitanipa hiyo?"

Akanipa mgongo. Mtoto wa kiume akimpa mama yake mgongo, jua anataka kulia. Nikamwonea huruma, lakini sikurudi nyuma.

"Tufanye hivi," nikamwambia. "Tasso akilitengeneza likapona, gari linabaki. Lisipopona, lori lako lije. Sitasema neno."

"Unaapa?"

"Kwa kaburi la baba yako."

Ndiyo hali niliyoingia nayo gereji siku ile ya Ijumaa. Nilikuwa nimeapa kwa kaburi, na Jumatatu iko mlangoni.

*

"Imebaki nafasi moja," Tasso akaniambia akijifuta mikono. "Nimelibembeleza kwa kompyuta, limekubali kujaribu mara ya mwisho. Litie barabara kuu, shika mwendo mmoja, usisimame. Litaanza kuchoma lenyewe. Usilizime mpaka taa ya njano iondoke. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mimi si kiziwi."

"Ukilizima katikati, basi tena. Chujio limekufa. Jipya linauzwa ghali kuliko gari zima, na usiniombe nilitoboe, wataninyang'anya leseni. Jambo la pili." Akanyoosha mkono kuelekea mashambani, mabua ya ngano yamekauka mpaka yanang'aa. "Leo upepo wa kaskazini. Moto umepigwa marufuku wilaya nzima, hata kuchoma nyama nje huruhusiwi. Usiliegeshe gari hili juu ya majani hata kama unaumwa uchungu wa kuzaa. Bomba likiwa linachoma ni tanuri. Utatuunguza mji mzima."

"Kuzaa kwa umri huu itakuwa habari ya gazeti."

"Na Mungu akijalia likimaliza," akasema akitabasamu, "ukifika nyumbani ukizima, litazima kweli. Kimya. Hakuna ile feni ya kukukera tena."

Masikini Tasso, alidhani ananipa habari njema.

Nikakaa pale kitini kwa Erwin, mkono kwenye ufunguo. Nikilimaliza zoezi, ninalo gari, lakini feni imenyamaza. Nisipolimaliza, Jumatatu naondolewa gari, kiti, feni na vyote. Nilisema potelea mbali. Afadhali kiti bila feni kuliko kubaki na viazi vyangu.

Nikawasha.

*

Barabara ya Pinnaroo ni fimbo iliyonyooka. Mashamba huku na huku, upepo unasukuma vumbi jekundu juu ya lami, joto linapanda.

Lori la nafaka likaja mbele yangu. Dereva akainua kidole. Nikatazama mbele.

Gari la mchungaji. Kidole. Nikatazama mbele.

Wanalijua gari. Wengine nadhani mkono wao huinuka wenyewe, kwa mazoea, kisha wanakumbuka mwenye gari yuko wapi.

Nikapafikia mahali pale, kwenye mikaratusi mitatu na kibao kilichopinda. Sikupatazama. Nilisema tu kwa sauti, "Napita, Erwin, wameniambia nisisimame." Mguu haukuachia mafuta.

Mbele kidogo, mngurumo ukashuka. Ukawa mnene. Harufu ya pasi ikaja.

Limeanza!

Nililia na kucheka kwa pamoja. Moyo wangu wote ulitaka kugeuza, kukimbilia nyumbani, kuzima, kusikiliza. Mikono ilikuwa imeshaanza kukunja usukani. Nikaushika kwa nguvu nikaimba nyimbo za kanisani, zote mbili ninazozijua hadi mwisho.

Nikayapita maghala marefu ya nafaka. Taa ya njano bado inawaka. "Choma," nikaliambia gari. "Choma mwanangu, maliza."

Ndipo nikaiona pikapu nyeupe.

Imeegeshwa kando, upande wangu, boneti juu. Nyuma ina kizimba cha mbwa chenye mlango wa bluu. Kizimba hicho wilaya nzima kiko kimoja tu, naye mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya usukani, kofia imeshuka usoni.

Mervyn Noske.

Mungu wangu, furaha niliyoipata! Sitawaficha. Moyo uliruka kama wa msichana. Barabara ile ile, boneti juu, na mimi ndani ya gari lile lile la Erwin. Nikasema leo ni leo.

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikainua kidole. Nikakiinua juu kabisa, akione vizuri, nikampita.

Hakuinua chake.

"Amenuna," nikasema kwa sauti.

Nikalisikia neno lilivyotoka kinywani mwangu. Ni neno lile lile la Noske siku ya mazishi. Nililimwagia kuku na keki yake, sasa limo kinywani mwangu mwenyewe.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

*

"Atapita mtu mwingine," nikajiambia. "Ni mchana, kuna malori."

Noske hakuwa peke yake siku ile; kila aliyempita Erwin alisema hivyo. Niliwauliza mmoja mmoja, na kila mmoja alisema alidhani nyuma yake kuna mwingine.

"Amelala tu. Mzee, joto, amelala."

Joto lile? Boneti juu, vioo wazi, upepo unampiga vumbi usoni, mtu alale?

"Erwin, sema kitu," nikamwambia. "Gari lako linachoma. Nikisimama nimelipoteza. Nimeapa kwa kaburi lako. Na yule ni Noske, Erwin, ni Noske! Laiti ningekuwa nimemkuta mtu mwingine yeyote!"

Gari likanguruma tu. Taa ya njano ilikuwa inawaka.

Nikatukana tusi ambalo marehemu mama yangu hakujua ninalijua, nikageuza gari.

Nikasimama juu ya lami katikati ya njia, maana kando yote ilikuwa majani makavu. Nikawasha taa za tahadhari. Injini nikaiacha ikinguruma, bado nina tamaa. Nikachechemea mpaka dirishani kwake.

"Mervyn!"

Kimya.

"We Noske! Kama unanifanyia mzaha, nakuapia nitakuzika mwenyewe!"

Nikamwondolea kofia. Uso ulikuwa na rangi ya unga wa ngano uliokandwa, midomo ya kijivu. Mkono mmoja ulikuwa bado kwenye usukani, kama Erwin. Polisi waliniambia hivyo, kwamba walimkuta mkono uko kwenye usukani.

Nikatoa simu. Mtandao, hakuna. Pale haujawahi kuwepo, ndiyo maana tunaheshimu boneti iliyo juu.

Nikaweka sikio kifuani mwake. Nasikia nini? Nasikia dizeli ya Erwin nyuma yangu, inanguruma na kuchoma. Nikaweka mkono puani mwake, upepo wa kaskazini unapita vidoleni, sijui upi upepo, upi pumzi.

"Vumilia," nikamwambia. "Vumilia, mjinga wewe, nakuja."

Nikarudi garini. Nikaingiza mkono dirishani, nikaushika ufunguo.

Mkono ule ulikuwa umelizima gari lile mara ngapi, kwa ajili ya kumsubiri mtu asiyekuja? Kila mara bila kusita. Sasa kwa ajili ya mtu aliyekuwa mbele yangu, umeganda kwenye ufunguo.

"Nisamehe," nikasema, na sijui nililiambia gari au nilimwambia mume.

Nikazima.

Injini ikafa. Taa ya njano ikafa nayo. Na feni ikaanza kuvuma, peke yake, katikati ya barabara, jua kichwani.

Nikarudi kwa Noske nikamshika kifuani kwa mikono yote miwili. Feni inavuma. Nzi wananitua usoni, siwafukuzi. Feni inavuma. Nikajikuta nimefumba macho kama niko jikoni.

Feni ikakoma.

Kimya kile nilikijua. Nikalaza sikio, na chini kabisa ya shati lake la jasho nikasikia kitu kidogo, dhaifu, kama saa iliyofunikwa na mto. Kinapiga. Kinasita. Kinapiga.

"Yupo," nikasema. "Yupo, yupo, yupo!"

Halafu nikasikia viatu.

Vilikuwa nyuma yangu, kwenye kokoto za kando ya lami, upande lilipo gari la Erwin. Viatu vizito vya shambani. Vinakuja bila haraka, na mguu wa kushoto unaburuta.

Nilijiambia ni joto. Ni goti, ni njaa, ni masikio yangu yaliyozoea upuuzi. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili mpaka mwisho wa macho, niliiona kwa macho yangu.

Viatu vikasimama. Visigino vikagongwa kwenye tairi, kukung'uta vumbi. Ko, ko.

Sikugeuka. Mnaweza kuniita mwoga, lakini hamkuwa pale. Nilimkumbatia Noske, adui yangu, kama mtu anayezama.

Na chini ya mikono yangu Noske akavuta pumzi ndefu, akafungua macho. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma ya bega langu, kule kwenye gari, na mkono wake ukiwa pale pale kwenye usukani, akainua kidole.

Akasubiri kidogo. Kisha akatabasamu, kama mtu aliyeitikiwa.